Man Blue Ilipokuwa Yanga

Vijana wengi wa rika langu hapa Dar es Salaam waliijua Merseyside Red kabla ya kujua kwamba Merseyside ni mahali pa kweli huko Uingereza. Ndiyo Liverpool yetu hiyo. Chelsea ilikuwa London FC, Manchester City ilikuwa Man Blue, na Aston Villa ilibandikwa jina ambalo hadi leo nikilikumbuka nacheka peke yangu: West Midlands Village. Kijiji! Klabu iliyobeba Kombe la Ulaya mwaka 1982 imeshushwa hadi kuwa kijiji.

Nazungumzia gemu ya mpira ya Pro Evolution Soccer, PES, na hasa PES 6 ya mwaka 2006. Jalada lake lilikuwa na Adriano wa Inter na John Terry wa Chelsea. Tazama kituko hicho: nahodha wa Chelsea anauza gemu kwa sura yake, ukiingia ndani klabu yake haina hata jina. Konami, Wajapani walioitengeneza, hawakuwa na leseni ya Ligi Kuu ya England. Leseni ilikuwa kwa kampuni ya EA, wenye gemu ya FIFA. Mwaka ule Konami walipata Arsenal na Manchester United tu, na timu zote zilizobaki wakazipa majina ya kuzugia.

Watu wakiandika kuhusu PES siku hizi huorodhesha dhambi za Konami moja baada ya nyingine mpaka unahisi uko msibani. Dhambi zipo, na nitazitaja. Ila mimi nina neno langu tofauti kidogo. Nadhani kilichotufunga kwenye PES ni yale mapengo yake. Gemu ilikuja haijakamilika, ikatuachia kazi ya kuimalizia, na kazi ile ndiyo iliyotufanya tuione ni ya kwetu.

Kwanza banda, kwa wasiolifahamu. Chumba kimoja, televisheni tatu au nne za chogo, PlayStation 2, yaani PS2, zilizochipiwa ili zisome CD za kuchoma, viti vya plastiki au benchi, na feni inayozungusha joto lile lile. Unalipa kwa mechi. Aliyefungwa anaachia pedi, aliyeshinda anabaki, na anayefuata analipa. Kwa hiyo fundi akikaa kwenye kiti angeweza kumaliza mchana mzima kwa hela za wenzake.

Kabla ya kuchagua kikosi, kila mtu alikuwa anatazama mishale. Wasiocheza PES hawaelewi jambo hili. Kila mchezaji alikuwa na mshale unaoonyesha hali yake ya siku hiyo: mwekundu ukielekea juu maana yake yuko moto, wa kijani uliolala yuko kawaida, na ukiona umeinama chini, hata kama ni Ronaldinho, unamweka benchi. Mishale ilibadilika kila mechi. Ungeweza kuchukua timu dhaifu, ukapata mishale myekundu minne mbele, ukamtoa mtu mwenye Brazil. Mjadala wa mishale ulichukua muda kuliko mechi yenyewe, mpaka mwenye banda anapiga kelele: "Chezeni bwana, watu wanasubiri!"

Halafu kulikuwa na Adriano. Nguvu yake ya shuti ilikuwa 99, na mguu wake wa kushoto haukuhitaji maelezo. Unapokea pasi mita 30 kutoka golini, unageuka kidogo, unabonyeza mraba, kipimo cha nguvu kinajaa nusu, basi. Kipa anaruka kwa heshima tu. Kwenye banda letu Inter ilipigwa marufuku siku za jioni, wakati kuna watu wengi. Asubuhi ukimkuta mtu anacheza na Inter ulijua huyo amekuja kujiliwaza.

Hayo yote yalikuwa na historia ndefu nyuma yake, ambayo sisi hatukuwa nayo habari. Mfululizo ulianza Japani mwaka 1995 kwa jina la Winning Eleven kwenye PlayStation ya kwanza, na mtu aliyeubeba kwa miaka mingi ni Shingo Takatsuka, maarufu kama Seabass. Huku nje ukaitwa ISS Pro, kisha mwaka 2001 likazaliwa jina la Pro Evolution Soccer. CD za Winning Eleven za Kijapani zilifika hadi mitaani kwetu, menyu zote Kijapani, na mtangazaji akilia kwa uchungu kila mpira unapogonga mwamba. Tulizijua menyu kwa kuhesabu: shuka mara tatu, bonyeza duara, umeingia kwenye mechi. Kumbe kwa Wajapani duara ndiyo "sawa" na X ndiyo "rudi", na tulishazoea hivyo kabla ya kujua sababu.

Lakini nataka kukaa kwenye ukurasa wa Edit, maana humo ndimo mapenzi yalimokuwa.

Kwenye PES za PS2 timu zenye leseni zilifungwa. Jezi ya Arsenal ni jezi ya Arsenal, huigusi. Zile zisizo na leseni ziliachwa wazi: jina unabadilisha, jezi unabadilisha, nembo unaichora mwenyewe kiboksi kwa kiboksi kama mtu anayefuma mkeka. Wazungu wengi walitumia ukurasa ule kurudisha majina ya kweli. Man Blue iwe Manchester City, London FC iwe Chelsea, na mambo yaishe. Waliopata shida ya kufanya yote hayo kwa mkono walipakua faili lililokwishafanyiwa kazi na mashabiki wengine, wanaliita Option File, wakaliingiza kwenye memori kadi.

Sisi tulikuwa na wazo bora. Kama Man Blue ni jina la uongo, kwa nini nibadilishe uongo mmoja niweke Manchester City, ambayo wakati ule kwetu haikuwa na shabiki hata mmoja? Basi Man Blue ikawa Yanga, na West Midlands Village ikawa Simba.

Aliyeifanya kazi hiyo ni kijana mmoja aliyekuwa akimsaidia mwenye banda, mtu wa maneno machache, mwenye subira ya ajabu. Alikaa asubuhi, wateja wakiwa hawajafika, anachora. Rangi zilikuwa rahisi: njano na kijani huku, nyekundu na nyeupe kule. Nembo zilikuwa balaa. Mwenge wa Yanga ulitoka vizuri, ila simba wa Simba kwenye viboksi vile alitoka akifanana na paka aliyenyeshewa, na watu wa Msimbazi waliona wamehujumiwa kwa makusudi. Walipiga kelele mpaka akafutwa akachorwa upya. Wa pili naye alikuwa paka, ila angalau mkavu.

Kisha ikaja kazi ya wachezaji, na hapo pakawa bunge. Kila mchezaji wa PES alikuwa na orodha ya sifa: kasi, kuongeza mwendo, nguvu ya shuti, usahihi wa pasi, uwiano wa mwili, kila moja ikipewa namba mwisho 99. Mrisho Ngassa tumpe kasi ngapi? Watu wa Yanga walitaka 99, wapinzani wakasema haiwezekani awe na mbio kuliko Thierry Henry. Juma Kaseja golini Simba: uwezo wa kuokoa sawa, lakini urefu? Watu wa Yanga walikomaa kwamba wampunguze sentimita, wenzao wakasema urefu si hoja, hoja ni kama mpira unaingia. Mabishano yale yalidumu wiki nzima. Mwishowe namba zilipitishwa kwa makubaliano ambayo hakuna aliyeridhika nayo, kama mikataba yote mizuri.

Kwenye PES 6 ya Konami hapakuwa na Tanzania. Hapakuwa na Taifa Stars, wala mchezaji wetu hata mmoja. Na bado kwenye memori kadi ya megabaiti 8 iliyokuwa imechomekwa kwenye mashine ya mwisho kushoto, Simba na Yanga zilikuwa zinacheza na Barcelona. Yanga iliifunga Milan mbele ya macho yangu. Mtangazaji alikuwa Peter Brackley, Mwingereza, na alipofika kwenye jina la mfungaji alinyamaza, maana hakupewa neno la kulitamka.

Wenye PS2 nyumbani, wachache hao, walikuwa na PES nyingine kabisa. Wao walicheza Master League. Unakabidhiwa timu ya watu wasiojulikana, majina ya kubuni matupu: Castolo mbele, Minanda katikati, Ivarov golini, na Ximelez, ambaye sijawahi kusikia watu wawili wakimtamka sawasawa. Wabovu. Unashinda kwa shida, unapata pointi, unanunua mchezaji mmoja, unamwuza mwingine, na misimu miwili baadaye unajikuta huna moyo wa kumwuza Castolo ingawa mguu wake umekwisha. Mtu wa banda hakuwa na muda wa mambo hayo, maana analipia kila mechi. Ukisikia mtu anamtaja Castolo kwa huruma, ujue kwao walikuwa na PS2 sebuleni.

Sasa dhambi. Masimulizi ya kawaida yanasema PES ilianguka mwaka 2007, ilipotoka PES 2008 kwenye PS3. Ni kweli kwa Ulaya. Mashine mpya iliwashinda, gemu ilikwama-kwama, na wakati huo huo FIFA, ambayo kwa miaka mingi mashabiki wa PES walikuwa wakiicheka, ikaanza kujengwa upya kwa makini. Mwaka 2009 EA wakaleta Ultimate Team, ile ya kukusanya wachezaji kwa pakiti, na hapo biashara nzima ya gemu za mpira ikabadilika.

Lakini hapa kwetu hayo yalitufikia kama tetesi. PS3 ilikuwa bei ya kiwanja kwa mwenye banda. Konami nao waliendelea kutoa PES za PS2 kila mwaka, juu ya mifupa ile ile ya PES 6, mpaka PES 2014. Ndiyo kusema, wakati magazeti ya gemu huko Ulaya yanaizika PES, sisi tulikuwa tunapata PES 6 yenye majina mapya kila msimu, na tulikuwa na raha zetu. Mashabiki wa gemu moja wanaweza wasiishi kwenye mwaka ule ule. Mwingereza akikwambia enzi ya dhahabu iliisha 2006, mbishie: hapa iliendelea miaka mingine saba.

Kifo chake kwetu kilikuja kwa namna ya vidole. Mabanda yalipohamia PS3, na baadaye PS4, yalihamia na FIFA. Kwenye PES shuti ni mraba na mpira mrefu ni duara. Kwenye FIFA ni kinyume chake: duara ndiyo shuti, mraba ndiyo krosi. Nimewaona wanaume wazima, mabingwa wa mtaa, wakibaki peke yao na kipa, wanabonyeza mraba kwa kujiamini, na mpira unapaa kwenda kwenye kibendera cha kona. FIFA ina mpangilio mbadala kwa ajili ya watu kama sisi. Ila uombe ubadilishiwe vitufe mbele ya vijana wa miaka kumi na minne? Wengi walichagua kuacha kucheza. Nasema kweli, kuna watu waliostaafu kwa sababu ya duara na mraba.

Konami walihangaika. Wakaja na injini mpya, Fox Engine, kwenye PES 2014 ya PS3, na ilipotoka haikuwa hata na mvua uwanjani. Wakatulia, na PES 2017 ilikuwa tamu, pasi zake zina uzito, mabeki wanafikiri. Wanaojua watakwambia ni kati ya nzuri kuliko zote. Ila uwanjani ukiwa mzuri na nje huna jina, mteja haingii. Ligi ya Mabingwa, waliyokuwa nayo kwa miaka kumi, ikawaponyoka mwaka 2018 ikaenda EA. Wao wakajibu kwa kuichukua Juventus peke yao, na kwenye FIFA 20 Cristiano Ronaldo akajikuta anachezea timu inayoitwa Piemonte Calcio. Siku niliposikia habari hiyo nilicheka kama mtu aliyeona jirani mwenye majivuno akiteleza kwenye tope. West Midlands Village ilikuwa imelipiziwa kisasi.

Cha ajabu ni kwamba mashabiki wa FIFA hawakuifanya Piemonte kuwa kitu. Hawakuigeuza kuwa timu ya mtaani kwao. Walilalamika tu mpaka leseni iliporudi. Mimi siwalaumu, gemu yao haikuwafundisha tabia hiyo.

Kisha ikaja siku ya 30 Septemba 2021. Jina la PES likafutwa, ikabaki eFootball, gemu ya bure. Ilikuja na klabu tisa. Sura za wachezaji zilivurugika kiasi kwamba picha zake zilizunguka dunia nzima kwa kicheko, na kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ikaangukia nafasi za mwisho kabisa kwa maoni ya wachezaji. Konami waliomba radhi kesho yake tu. Ilichukua hadi Aprili 2022 kutoa toleo walilothubutu kuliita 1.0. Master League waliahidi itakuja baadaye, ya kulipia. 2022 ikapita, 2023 ikapita, haikuja.

Nikiishia hapo nitakuwa mnafiki, maana eFootball ya leo si ile ya siku ya kwanza. Imenyooka. Na imefanya jambo ambalo PES za banda hazikuwahi kulifanya: imeingia kwenye simu ya kijana asiye na PS2, PS4 wala hela ya banda. Gemu mpya ya EA kwenye PS5 ni takriban dola 70, piga hesabu ya shilingi mwenyewe. eFootball ni bando tu. Mwaka 2024 hata FIFA yenyewe, shirikisho la mpira la dunia, baada ya kutengana na EA, iliandaa Kombe la Dunia la gemu kwa kutumia eFootball. Wajapani waliokosa leseni ya kijiji cha Birmingham sasa wanacheza chini ya bendera ya FIFA. Huwezi kuitunga hiyo.

Kilichoondoka ni kazi yetu. eFootball haina pengo la kuniruhusu kuingiza mkono. Simchori simba wala paka. Timu yangu ni kadi nilizopewa, nilizobahatisha au nilizonunua kwa koini, na kadi inaweza kupitwa na nyingine wiki ijayo. Magwiji wa zamani wamo, wanapendeza, wanauzwa kwa bahati nasibu. Shabiki zamani alikuwa fundi msaidizi asiyelipwa. Sasa ni mteja, na anahudumiwa vizuri.

Ile kazi yenyewe haijafa, imehama. Wabrazil wana Bomba Patch, PES ya PS2 iliyokarabatiwa na mashabiki, ambayo imeendelea kupata vikosi vipya miaka mingi baada ya Sony kuacha kuitengeneza mashine yenyewe. Kwenye kompyuta kuna PES 6 iliyoongezewa jezi na sura mpya kwa Kitserver, programu ya mashabiki, na PES 2021 iliyogeuzwa na wenye SmokePatch kuwa gemu inayojitegemea, ya bure. Na Afrika nzima kuna vijana wanaocheza PES ya PSP, ile mashine ya mkononi ya Sony, kwenye simu kwa programu ya PPSSPP, jezi za msimu huu, sura za jana, mtangazaji aliyebadilishwa. Ukifungua zile PES za simu unakuta PES 2014 imevaa nguo za leo. Hao ndio ndugu wa yule kijana wa banda letu, hata kama hawajawahi kuonana.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu na anacheza eFootball usiku akishindana na watu wa Indonesia, ambao anasema ni hatari. Nilimwekea PES 6 kwenye laptop yangu. Alicheza mechi mbili, akasema wachezaji wanakimbia kama wamebeba ndoo za maji. Nikamwonyesha Adriano. Akapiga shuti moja, likaingia, akaguna, akapiga tena. Hakusema kitu ila hakuirudisha pedi.

Kisha akanishangaza. "Anko, lakini hata eFootball ya zamani ilikuwa tamu kuliko hii ya sasa."

Zamani ipi? Anamaanisha ya mwaka juzi. Kumbe naye ana enzi yake ya dhahabu: kuna toleo ambalo pasi za kupenya zilimkubali, mabeki hawakuwa na akili nyingi, na alipanda daraja hadi la kwanza. Halafu ikaja sasisho la Alhamisi moja, mambo yakabadilika. Alisimulia kwa uchungu ule ule wa watu wa rika langu wakimtaja Adriano, na ana miaka kumi na sita.

Nikamwambia basi aitafute aicheze, kama mimi na PES 6 yangu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. Haipo pa kuitafuta. Haikuwahi kuwa kwenye CD, haikukaa kwenye memori kadi. Ilikuwa kwenye seva, na seva inajua toleo la leo tu. Ukiifungua inakulazimisha kusasisha kwanza.

"Sasa ya kwako mbona unayo?" akauliza.

Nikamweleza habari za CD za kuchoma, za chipu, za memori kadi ya megabaiti 8, na kwamba Yanga ya wakati ule nayo pengine bado ipo, kama aliyeichukua ile memori kadi banda lilipofungwa hajaitupa. Akanikatisha. Alitaka kujua kama kwenye hii ya laptop anaweza kuiingiza Yanga ya sasa, na Ngassa alipewa kasi ngapi.

Nikamwambia 94. Akasema ni ndogo.